Mluzi Chini ya Boneti

Saa moja asubuhi. Jua halijavuka ukuta wa jirani, na ua mzima bado umejaa kivuli. Mama Sikio ameinama juu ya injini ya gari lao kuukuu, mwiko wa mbao mkononi. Mpini wa mwiko umegusa chuma kinachotetemeka. Bapa lake, lililokwisha kuwa jeusi kwa grisi, limebanwa sikioni. Amefumba macho.

Ng'ambo ya boneti amesimama mumewe, ambaye mtaa mzima humwita Fundi. Haiangalii injini. Anaangalia midomo ya mkewe.

"Haya, linasemaje?" anauliza kwa sauti ya kuamsha majirani.

"Vali moja inagonga," anajibu Mama Sikio, akitamka polepole. "Kama kifuniko cha sufuria, maji yakikaribia kuchemka."

"Yanakaribia, au yameshachemka?"

"Yanakaribia."

"Basi hiyo haina neno."

Fundi anaingiza mkono dirishani, anazungusha ufunguo, na injini inazima. Ufunguo anautia mfukoni.

Ndipo, ndani ya kimya, gari linapiga mluzi.

Ni mluzi mwembamba, mrefu, unaoshuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Unakatika. Kisha unakuja mwingine, mfupi. Halafu basi. Kuku aliyekuwa akiparua chini ya bampa anasimama, shingo imenyooka. Mama Sikio hatikisiki. Fundi anapangusa mikono kwa tambara. Hajasikia kitu, wala hawezi.

"Kuna kingine?"

"Hakuna," anasema mkewe, na kuufuta mwiko kwa upindo wa gauni.

Jina la Mama Sikio alipewa na wateja. Fundi alifanya kazi nusu ya umri wake kwenye gereji ya bati, katikati ya mashine za kukatia chuma, na masikio yake yakaondoka kidogo kidogo, moja likitangulia. Mteja mmoja alilalamikia mlio wa injini, akarudishiwa gari lenye mlango mpya na mlio uleule. Baada ya hapo Fundi alikusanya spana zake, akahamia nyumbani kwake.

Siku za mwanzo alikuwa akikisia tu. Mkewe alikuwa jikoni, dirisha wazi, na siku moja uvumilivu ukamwishia. Akatoka na mwiko wake, akamwambia kwamba gari alilokuwa akihangaika nalo lilikuwa likisaga kama mtu anayepeta mchele wenye mawe. Fundi alifungua mahali palepale alipoonyeshwa. Beringi ilikuwa imekwisha.

Tangu hapo wamejitengenezea lugha yao. Breki zilizolika ni kisu kinachonolewa. Starta mbovu ni mzee anayesafisha koo. Kuna gari lililosemwa kuwa "linacheka peke yake," na Fundi akajua kabisa mkanda upi wa kukaza.

"Mimi spana siijui, hata ukinivunjia nayo meno," anasema Mama Sikio. "Mimi najua sauti. Yeye anajua zinakotoka. Ukitutenganisha, hapa hakuna fundi. Kuna wazee wawili na vyuma chakavu."

Gari lao wenyewe ni la njia mbovu, refu, la mraba, lenye magurudumu yote manne yanayovuta. Limepakwa rangi mara nyingi hadi haijulikani lilizaliwa na rangi gani. Majirani wanaliita Bibi Harusi, kwa sababu siku za baridi halitoki nyumbani bila watu kulisindikiza kwa kusukuma.

Lakini Bibi Harusi ndiye anayewalisha. Muuguzi wa kliniki ya kuzunguka hulikodi kupeleka masanduku ya chanjo kwenye vijiji vya ng'ambo ya mto, mlimani, ambako magari ya kawaida hayafiki. Kodi ya nyumba inatoka humo.

Hivi karibuni gari lilianza kutetemeka likisimama, kama lina homa. Muuguzi, binti mcheshi asiyeficha neno, alisema waziwazi: safari inayofuata ni Jumatatu, na kama gari si zima, atatafuta jingine.

"Shikamoo zenu nitaendelea kuwaletea," aliwatania, "ila roho yangu siwezi kuwaletea. Ule mteremko wa mlimani hauna msamaha."

Fundi alibadilisha plagi. Alifungua kabureta, akaisafisha hadi ikang'aa. Alikagua nyaya moja baada ya nyingine. Homa haikushuka. Alikuwa kama daktari ambaye mgonjwa anamficha mahali panapouma, na aliyekuwa akificha hakuwa gari.

Dereva wa kwanza wa Bibi Harusi alikuwa mtoto wao wa pekee.

Alikuwa na desturi moja: kabla ya kuvusha gari mtoni, hushuka akaingia majini kwa miguu yake, kupima kina. Akifika salama ng'ambo, hupiga mluzi, mrefu unaoshuka, kisha mfupi, ili walio garini wajue njia ni nzuri. Nyumbani alikuwa akipiga mluzi huohuo langoni, mama yake apate kumfungulia.

Msimu wa mvua uliopita alikwenda mtoni peke yake. Gari lilikutwa ukingoni, injini inanguruma, mlango wa dereva wazi, taa zimeelekea maji. Kijana alipatikana chini zaidi, kwenye matete. Baba yake ndiye aliyekwenda kumzika na kulirudisha gari nyumbani, na wale waliomsaidia walimwambia Mama Sikio kwamba kiti cha dereva kilikuwa bado na joto. Hajui kama ni kweli. Hajawauliza tena.

Kisha mvua zilikatika, na siku moja mchana, gari likiwa limezimwa na ufunguo ukiwa mfukoni mwa Fundi, Mama Sikio akasikia mluzi langoni. Alikuwa ameshafika na kulishika komeo ndipo akakumbuka. Alipofungua, nje hapakuwa na mtu. Mluzi ulitoka nyuma yake, chini ya boneti.

"Nilikimbia ndani," anasema. "Kesho yake nikautegea sikio. Nikaleta kigoda kabisa."

Majirani nao walisikia. Mmoja aliacha kupitisha watoto wake kando ya ule ukuta. Mwingine alimshauri auze gari kwa wanunuzi wa vyuma kabla halijaita mtu wa pili. Mama Sikio aliwajibu wote kwamba ni upepo, akaingia ndani, akalia kwa furaha ambayo hakuweza kumwambia yeyote.

Kila Fundi alipouliza kama kuna kingine, akasema hakuna.

Jumapili mchana muuguzi alikuja kulijaribu gari. Walipanda wote watatu, Mama Sikio mbele kama kawaida, mwiko magotini. Barabara ya mtaa wao inashuka kwa kasi hadi kwenye kona yenye kibanda cha muuza mkaa. Fundi aliachia gari lishuke.

Katikati ya mteremko akakanyaga breki, na mluzi ukaanza.

Safari hii haukuwa mwembamba. Ulijaza gari zima, ukatoka chini ya miguu yao, ukaita na kuita. Muuguzi aliuliza, "Nani huyo?" Mama Sikio alikuwa akitazama mguu wa mumewe. Ulikuwa umenyooka kama mti. Akauleta na wa pili. Mishipa ya shingo ilimtoka, na breki ilikuwa ngumu kama jiwe, na gari lilikuwa bado linakwenda. Muuza mkaa alisimama na gunia lake kifuani, kinywa wazi.

Mama Sikio aliutupa mwiko, akavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili.

Bibi Harusi aliserereka, akageuka ubavu, akasimama. Kati ya bampa na gunia palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono.

"Mzee," alisema muuza mkaa, "kama ulitaka mkaa, si ungeniita tu?"

Injini ilikuwa imezima. Gari likapiga mluzi tena: mrefu, kisha mfupi. Muuguzi akashuka upesi, akasimama mbali.

Mama Sikio alimgeukia mumewe. Basi akashika mkono wa Fundi, akaziweka ncha za vidole vya mumewe mbele ya kinywa chake mwenyewe, akapiga mluzi. Pumzi ndefu, inayopungua. Kituo. Pumzi fupi.

Fundi hakusikia chochote, lakini vidole vyake vilitambua. Alikuwa amesimama ukingoni mwa mto ule mara nyingi, akisubiri ishara hiyo, enzi za masikio yake.

"Tangu lini?" aliuliza. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi, aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu mvua zikatike."

"Kila siku nakuuliza. Kila siku unaniambia hakuna."

"Ndiyo."

"Kwa nini, mke wangu?"

"Kwa sababu ungelitengeneza."

Gari lilisukumwa hadi nyumbani na vijana wa mtaa, ambao kwa mara ya kwanza hawakulitania. Uani, Fundi hakuulizia mwiko. Alimwambia mkewe awashe injini, azime, kisha amwonyeshe kwa kidole.

Mama Sikio alionyesha mpira mnene wa hewa unaotoka kwenye injini hadi kwenye kikombe kikubwa cha chuma nyuma yake. Mafundi hukiita busta. Ndicho kinachoufanya mguu wa dereva usihitaji nguvu za fahali kukanyaga breki. Kinafanya kazi kwa kunyonywa hewa, na hubaki na mvuto wake kwa muda hata injini ikizimwa. Chini ya mpira, upande usioonekana, palikuwa na ufa mwembamba. Kupitia hapo hewa ilikuwa ikiingia ikiimba, na kuitetemesha injini.

Fundi aliweka kidole kwenye ufa. Akakiacha hapo kwa muda mrefu.

"Unanyonya," alisema. "Njoo. Weka chako."

Mama Sikio akaweka. Mpira ulimvuta ncha ya kidole, laini, kama mdomo wa mtoto mchanga, kisha ukachoka, ukaachia.

"Kwa hiyo ni ufa tu," alisema.

"Ni ufa," alijibu Fundi. Neno "tu" hakulitamka.

Hakumkaripia. Alimwuliza kama anataka kuusikia mara moja zaidi, naye akakubali. Fundi aliwasha, akazima, akaondoka kwenda kusimama langoni akimpa mgongo. Mluzi ulishuka, ukakatika, ukamalizia. Mama Sikio akaitikia, "Nimekusikia, mwanangu," kisha akaenda kumgusa mumewe bega, aje na kisu cha kuukata mpira.

Mpira mpya ulifungwa kabla ya jua kuzama. Injini ilitulia papo hapo, homa imekwisha. Wakazima na kusubiri. Kuku aliparua chini ya bampa bila kusita.

Mama Sikio aliuomba ule mpira wa zamani. Ameujaribu mara kadhaa, akiupulizia na kuuvuta kwa kinywa. Hautoi mlio wowote.

Jumatatu gari lilikwenda na kurudi. Muuguzi anasema breki zilikuwa laini kama mto wa kulalia. Anasema pia jambo jingine, na analisema huku akitazama pembeni. Walipofika mtoni, Fundi alishuka kwenda kupima kina, kama mwanawe. Maji yalikuwa hayajapita magoti alipogeuka ghafla, akatazama gari.

"'Umepiga mluzi?' aliniuliza," anasimulia muuguzi. "Nikamwambia hapana. Nikaandika hewani kwa kidole, ha-pa-na. Akarudi ukingoni, akakaa juu ya jiwe. Akasema tungoje kidogo."

Walingoja. Baada ya muda gogo zima, na mizizi yake, lilipita likijiviringisha pale alipokuwa amesimama.

Fundi akiulizwa habari hiyo hutikisa kichwa na kusema kiziwi husikia mengi, masikio hayana kazi nyingine. Mkewe hacheki.

Sasa uani kuna chuma kirefu kimeegemezwa ukutani, bomba la ekseli ya gari lililokufa. Fundi amelipaka michirizi ya rangi, nyeupe upande wa chini, nyekundu upande wa juu. Maji yakipungua wanataka kulisimika katikati ya mto, dereva yeyote akione kina akiwa ndani ya gari lake, asilazimike tena kukipima kwa mwili wake. Rangi nyekundu ikianza kuzama, mtu ageuze arudi nyumbani.

Mama Sikio hajawahi kufika kwenye mto huo. Hakwenda hata kuzika. Lakini ameshaliosha gauni la safari, na mwiko ameuweka tayari kwenye kiti cha mbele.

"Nitakwenda naye," anasema, akiugusa mstari wa nyekundu kuona kama umekauka. "Yeye hawezi kuusikia mto, mimi naweza. Na safari hii nikisikia kitu, nitasema."