Jagi la Mama Povu

Wifi yangu, mke wa marehemu kaka, mtaa mzima ulimwita Mama Povu kwa sababu alipika sabuni jikoni kwake. Msicheke. Sabuni ile ilitakatisha. Mimi niliifulia shuka la kijani, likatoka jeupe, tena likaniomba radhi kwa kunichosha. Anayebisha na abishe, shuka lenyewe lilishachakaa.

Lakini kabla sabuni haijawa sabuni, kuna maji ya kostiki, na hayo hayana utani. Kostiki ni punje nyeupe kama chumvi ya mawe. Ukizitia kwenye maji, maji yanapata moto bila jiko. Yanakula ngozi, yanakula sufuria ya alumini, na jagi la kioo alilotunzwa harusini lilipasuka kitako mara ya kwanza tu alipoyakorogea humo. Bahati yake lilikuwa ndani ya beseni. Panya aliyelamba tone lililobaki, mpaka leo anatembea bila masharubu.

Basi zamani alikorogea kwenye ndoo ya plastiki, ndoo nzima, akaiinua kwa mikono miwili na kuyamimina kwenye pipa la mafuta, uzi mwembamba, taratibu. Akishaanza hasemi wala hageuki. Hata mimi, na mdomo wangu huu, nilinyamaza, jambo ambalo marehemu kaka alikufa bila kulishuhudia.

Ndivyo alivyokuwa, ameinamia pipa, siku Kitindamimba wake anaondoka kwenda kufanya kazi mbali. Gari lilikuja mapema. Binti akasimama mlangoni pa jikoni, begi begani.

"Mama, gari ndilo hilo, dereva anapiga honi."

"Ngoja, mwanangu."

"Hangoji, mama. Niangalie basi."

Hakumwangalia. Angeinua macho, ndoo ingeyumba, maji yangemmwagikia miguuni. Na ndoo nzito ukishaiinamisha, huiweki chini ghafla isikurushie. Alimimina mpaka tone la mwisho. Alipogeuka, mlangoni ilibaki harufu ya mafuta ya nywele.

Simu zilikuja, sikatai. Lakini simu haina shingo ya kukumbatia. Tena kila wakiagana binti alikuwa na mzaha wake: "Haya mama, endelea kumimina." Mama Povu anacheka naye, kisha anakaa na simu mapajani mpaka mwanga wake uzime.

Ile ndoo akaigeuza kiti. Akanunua jagi dogo la plastiki lenye kifuniko, akaliwekea beseni pana juu ya kibao kifupi, na kando yake ndoo ya maji safi ya kusuuzia. Akawa anapika sabuni kidogo kidogo, kostiki nusu jagi kila mkupuo. Anamimina, analirudisha jagi ndani ya beseni, anafunika, anatega sikio. Kazi ya asubuhi ikawa inamkuta na jua la utosi.

"Wifi, unapika sabuni au unapika subira?" nikamchokoza. "Chelewa chelewa..."

"Utamkuta mwana si wako," akamalizia mwenyewe. "Ndiyo maana nataka jagi linalowekeka chini. Akibisha hodi, niweze kuitika."

Nikajifanya nachambua maharage.

Miaka ikaenda. Watu wakamsifu kwamba hamwagi tone, sakafu yake haina doa, glavu na mabuti haviachi hata kwa nusu jagi. Wasichana wakaja kujifunza kwake wakidhani ule ni ufundi. Ufundi gani! Yule mwanamke alikuwa anasikiliza mlango.

Na mlango ulibishwa. Muuza mkaa, jirani wa kuazima chumvi, mimi. Kila hodi jagi linakaa chini, kifuniko pa! glavu zinasuuzwa, na kila mara uso wake uliofika mlangoni ulikuwa mdogo kuliko ule uliotoka jikoni. Mwishowe nikawa naingia bila hodi, nisimdanganye roho.

Asubuhi moja nilikuwa pale na maharage yangu. Alikuwa amemimina nusu ya lile nusu jagi. Nje gari likasimama, injini inanguruma.

"Hodi."

Sikio langu bovu, lakini ile sauti hata jiwe lingeijua. Mimi nilimwaga maharage yote. Yeye jagi halikuyumba. Aliliweka katikati ya beseni, akalifunika, ndipo akapaza sauti, "Karibu! Usiondoke! Nakuja, usiondoke!"

Nikainuka nikamfungulie. Akanikata jicho. "Wifi, kaa! Hodi hii ni yangu."

Akatumbukiza glavu kwenye maji safi. Huko nje injini ilibadilika mlio, gari likaanza kuondoka. Mikono yake ikasimama ndani ya ndoo. Gari likaenda, likafifia, likapotea.

Kisha Kitindamimba, amejifungulia mwenyewe, akatokea mlangoni pa jikoni, mzima mzima, mikono ameifungua, anakuja mbio.

"Usiniguse! Nina kostiki!"

Binti akafunga breki. "Jamani mama! Hata leo?"

"Hata leo. Simama hapo hapo." Akaitoa mikono kwenye ndoo. "Lakini nakuangalia, unaona? Nakuangalia."

Akavua glavu moja. Akavua ya pili. Aproni akaifungua kwa kupapasa, fundo likamsumbua, na macho yake hayakutoka mlangoni.