Wa Kumsindikiza Fundi wa Ngoma

Miaka ile ya wakimbizi, kila mtu mzima pale kigangoni kwetu Mugoma aligeuka mlinzi. Watoto waliambiwa wasipokee biskuti za madereva wa malori, wasiende kuokota kuni upande wa kambi, wasijibu salamu ya mtu wasiyemjua. Mwenyekiti wa kigango alilirudia hilo kila Jumapili baada ya matangazo, kidole juu, mpaka watoto wakawa wanamwigiza nyuma ya kanisa. Mpaka leo damu hunichemka nikikumbuka jinsi macho yote yalivyokodolea barabara, na hakuna hata jicho moja lililobaki kuangalia tuliowakaribisha wenyewe.

Mimi na akina mama wengine wawili tulikuwa tukijitolea kulea kikundi cha ngoma cha watoto. Walikuwamo wa kwetu na wale waliovuka mpaka na wazazi wao, au na yeyote aliyebaki wa kuvuka naye. Kila Jumamosi mchana walicheza wakasahau mambo yao. Kasoro ilikuwa kwamba sisi walezi hatukujua kupiga ngoma. Basi akapatikana fundi kutoka upande wa Nyakahura, naye wa kujitolea. Shati limepigwa pasi, rozari shingoni, shikamoo kwa kila mtu, hata kwangu mimi niliyemzidi umri kidogo tu. Nikauliza alikuwa akifundisha wapi kabla, na kwa nini aliacha. Nikaambiwa anayejitolea hahojiwi, ni kumvunja moyo.

Kwetu mgeni haondoki peke yake. Unambebea mzigo, unatembea naye hadi njia panda, mnaagana huko. Usipofanya hivyo ni kama umemfukuza. Sina ugomvi na desturi hiyo, nami nimelelewa nayo. Ugomvi wangu ulianza fundi alipoanza kujichagulia msindikizaji.

Alimchagua binti wa miaka kumi hivi, aliyekuja kutoka Burundi na shangazi yake. Walikaa kwenye kibanda cha udongo shambani kwa mwenyekiti, na shangazi alilima humo kwa chakula. "Huyu anatosha," fundi alisema, "mkoba wenyewe mwepesi." Kama ni mwepesi, si aubebe mwenyewe? Lakini mwenyekiti alikwisha kumwita mtoto, na wawili hao wakashika njia ya mkato ya migombani. Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile, nami nikabaki kupiga kelele nyuma yao kwamba wapite barabara kubwa.

Kisha yule binti akaja anachechemea, mguu umefungwa kamba za mgomba. Nilimpeleka pembeni nikazifungua. Hapakuwa na jeraha, hapakuwa na uvimbe. Nilimwuliza anaumia wapi, akatazama chini. Nikazifunga tena kamba zake vizuri zaidi, maana nilikuwa nimeelewa. Jioni fundi alimwita tena, akasema kutembea polepole ni dawa ya mguu, lakini mkoba niliubeba mimi, nikamsindikiza mwenyewe. Fundi akatangulia kwa hatua ndefu mpaka njia panda.

Kesho yake, baada ya misa, nikawaambia viongozi kwamba mtoto yeyote asitoke peke yake na mtu mzima, hata awe padre. Ungedhani nimetukana msalaba.

"Mama, unamtuhumu mtu wa Mungu?" mwenyekiti akauliza.

"Mzee, nasema watoto wasiende peke yao. Na huyu binti anamwogopa fundi."

"Mtoto ni mvivu tu. Wa kuchungwa ni hao wa kambini."

"Sasa mgeni asindikizwe na nani," mzee mwingine akadakia, "kuku?"

Wakacheka. Shangazi wa binti alikuwa amesimama mlangoni. Walipomwuliza, alisema mwenyekiti akitaka mtoto aende, ataenda. Angesema nini, na shamba ni la mwenyekiti? Nilipotoka akanishika mkono. "Mama," akaniambia, "wewe usichoke."

Nilikuwa nimechoka, tena sana. Nilituma mtu Nyakahura akaulizie habari za fundi. Jibu lililorudi ni kwamba hata wao waliona afadhali akajitolee kwetu. Afadhali! Yaani walijua, wakatusukumia. Nikampelekea mwenyekiti jibu hilo, akaniambia ni umbea wa sokoni.

Haya, nikasema moyoni, mgeni atasindikizwa. Jumamosi ile, fundi alipofunga mkoba wake, walezi wote watatu tulisimama, na shangazi wa binti, na kikundi kizima na ngoma zake. Tukamtoa kwa nyimbo kupitia barabara kubwa. Watu waliacha majembe wakaja kutazama. Binti alichechemea kati yangu na shangazi yake. Fundi alikuwa akitoka jasho, na kila alipojaribu kutuaga tulimjibu kwamba bado, mgeni wa heshima hatuwezi kumwacha njiani. Mwenyekiti alifurahi karibu alie. "Hiyo ndiyo heshima sasa!" akasema.

Jumamosi iliyofuata tukamfanyia heshima ileile. Baada ya hapo akatuma salamu kwamba kifua kinambana, hataweza kuja tena.

Salamu hizo zilisomwa mbele ya watoto, na mwenyekiti akanigeukia palepale. Kwamba nimemchosha mtu kwa maneno yangu. Kwamba watoto wamekosa fundi kwa sababu ya roho yangu mbaya. Nilikuwa namtafutia jibu la kumtosha, ndipo yule binti aliponyoosha mkono kama yuko darasani.

"Shikamoo, babu. Fundi harudi kabisa?"

"Harudi kabisa," mwenyekiti akasema kwa uchungu. "Mshukuru huyu mama."

Binti akakaa chini, akafungua zile kamba za mgomba moja moja, akazitupa. Kisha akakimbia, kwa miguu yote miwili, akaingia mstari wa mbele wa wachezaji.

"Angalau," mwenyekiti akasema, "mguu umepona."

Nikaokota mkwiro nikapiga ngoma mwenyewe, vibaya kama kawaida yangu, maana nisingeipiga ngoma ningempiga yeye.