Kifiji Changu Mbele ya Kanisa

Shefu wetu mupya, mkubwa wa kazi kwenye machimbo ya Kakontwe, anatoka Fiji, nami nikataka kumsalimia kwa lugha yake. Kila asubuhi nilifumba macho na kurudia kwa nguvu maneno ya somo la Kifiji kwenye simu: "Mbula! Vinaka! Mothe!"

Jirani yangu, Mama Pasta, akanisikia. "Ndugu, weye uko nasema luga ya Roho Mutakatifu! Utaongoza maombi."

Ningekana, lakini sifa ni tamu.

Jumapili, kanisani, nikamwaga Kifiji chote. Watu wakalia machozi. Mama Pasta akauliza, kama ilivyo desturi yetu mtu akisema kwa luga ya Roho: "Nani iko na tafsiri?"

Nyuma kabisa, mgeni akainua mkono. Alikuwa shefu.

"Minye niko nayo," akasema kwa Kiswahili alichojifunza machimboni. "Amesema 'jambo', 'asante', 'kwaheri'. Mara makumi. Lakini anatamka muzuri."