Doa kwenye Randa ya Baba

Juzi kaka alinipa randa ya marehemu baba aliyoikuta darini. Nikainusa kabla hata ya kuitazama vizuri, na harufu ikanirudisha Marangu, kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba, alasiri moja ya mvua.

Baba alikuwa seremala. Siku hiyo alikuwa akiifufua randa hiyo kuukuu, aliyoachiwa na fundi aliyemfunza kazi. Aliisugua kwa msasa na mafuta ya taa, huku mama akinung'unika jikoni, maana madukani mafuta hayakupatikana. Miguu yangu ilizama kwenye maranda mabichi ya mbao za mringaringa.

"Mwanangu, kutu imeisha?" aliniuliza, akiielekeza randa kwenye mwanga wa mlangoni.

Nilidhani ananipima tu, kama mwalimu anayelijua jibu. Nami nilitaka kwenda kucheza.

"Imeisha, baba."

"Afadhali wewe una macho," alisema, akaipapasa polepole kwa vidole.

Msimu wa kahawa uliofuata, tulikuwa tukimshika baba mkono kumwongoza njia ya kanisani.

Doa la kutu bado lipo ubavuni mwa randa, pale pale nilipoliona siku ile.