Niliandika "Amekataa Huduma" na Hakukataa

Admin, naomba ufiche jina langu, Ifakara tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, nesi mstaafu. Miaka ya tisini nilikuwa zahanati moja pembeni ya mji. Nilipelekwa kozi fupi, nikarudi na kazi ya kuongea na watu waliolemewa na mawazo. Sikuwa daktari wa akili. Kila Jumatano nakaa na mtu nusu saa, tunapanga jambo moja dogo la kufanya wiki hiyo, akirudi ananieleza.

Mama Otilia wa Katindiuka aliletwa baada ya kujifungua. Haongei, chakula hagusi, mtoto analia mgongoni yeye hasikii. Tukaanza na kufagia uwanja, kisha kumsalimia jirani. Wiki ya sita akacheka, nami nikafurahi kama nimezaa mimi.

Sasa mganga mfawidhi wetu, yaani mkuu wa zahanati, mniache nimseme. Alikuwa mgeni bonde hili na hakutaka kujifunza. Mvua zilipoanza watu, Mama Otilia akiwemo, walihamia mashambani ng'ambo ya mto kulima mpunga, kama kila mwaka. Yeye akatoa amri: asiyefika mara tatu aandikwe amekataa huduma.

"Mganga, wako shamba. Wakishavuna watarudi."

"Mgonjwa wa kweli hakosi, sista. Andika."

Nikaandika, kwa mkono wangu huu.

Baada ya mavuno Mama Otilia akaja na kikapu cha mchele mpya na kipande cha ukindu wa kusukia mikeka chenye mafundo. "Nesi, kila Jumatano nilifanya kajambo kangu, nikafunga fundo nisisahau kukuambia." Kabla sijajibu, mganga akafungua daftari. "Mama, wewe ulikataa huduma. Nafasi yako ina mtu mwingine." Akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa. Mama Otilia akaacha kila kitu mezani, akaondoka.

Ningeweza kumfuata, Katindiuka si mbali. Sikwenda, niliogopa kibarua kuota nyasi. Aliacha kula tena, na mvua zilizofuata hazikumkuta.

Wiki iliyopita bintiye Otilia, naye sasa ana watoto, kanifuata nyumbani. "Shikamoo mama. Nasikia wewe ndiye uliyekuwa unaongea na marehemu mama. Ndugu waliambiwa zahanati kuwa alikataa matibabu. Nimekua nikijua alituacha kwa kutaka. Ni kweli?"

Nikamjibu sikumbuki. Mwongo mkubwa mimi!

Nikaenda kwa yule mganga, siku hizi mzee wa heshima mtaa wa Viwanja Sitini. Akanywa chai yake, akasema, "Yaliyopita si ndwele, sista." Si ndwele kwake! Nikatoka bila kuaga.

Otilia anarudi Jumapili. Nikisema ukweli, atajua aliyemfuta mama yake ndiye huyu anayemwamkia. Nikinyamaza, atazeeka akiamini hakupendwa. Jamani, nimwambieje mtoto wa watu?

Ule ukindu ninao mpaka leo. Una mafundo kumi na tisa.