Kompyuta Iliyoachiwa Nafasi

Juu ya nyumba yetu, hapa Goma, kuna vyuma vya nguzo vinavyongoja ghorofa tangu siku tulipohamia. Kwetu anayejenga kwa saruji huviacha hivyo, hata kama hajui mfuko mwingine wa saruji utatoka wapi. Mimi nimevifungia kamba, naanika nguo, na mvua ikinyesha kutu inanichafulia mashuka. Nimemwomba mume wangu avikate mpaka nimechoka. Yeye hujibu kwamba akiba haiozi. Haiozi, namwambia, lakini inashika kutu.

Kwa hiyo siku tulipokwenda kununua kompyuta nilijua nitasikia nini. Kazi yangu ni filamu za harusi: wengine wanapiga picha, mimi nazikata na kuziunganisha. Dukani tulikuta mbili za bei moja. Moja ilikuwa ya kukunja, nyembamba, ya kupendeza. Nyingine ilikuwa sanduku zito la kuweka chini ya meza, na kwa mbio haikumshinda mwenzake. Muuzaji alituambia ukweli: ile nyembamba memori yake imechomelewa ndani, ulivyoinunua ndivyo utakavyozeeka nayo. Sanduku lilikuwa na nafasi za kuongeza memori nyingine.

"Mama, tukamate hii," mume wangu akasema. "Hii iko na vyuma juu."

"Weye kila kitu unakijengea étage!" nikamjibu, kana kwamba kompyuta nayo inangoja ghorofa.

Nilikasirika kweli. Nilitaka kitu cha leo kwa kazi ya leo. Lakini nilichoka kubishana mbele za watu, tukabeba sanduku, na mashemeji wakanicheka eti nimenunua friji isiyogandisha.

Mwaka jana binti wa familia moja ya mji wa Kiwanja, mbali na hapa, aliolewa Goma. Baba yake hakuweza kuja. Alikuwa kitandani, na daktari alishawaambia watoto wajiandae. Siku iliyofuata harusi binti alinijia, nywele bado zimesukwa kwa mtindo wa harusi, akanishika mkono.

"Mama, papa aione filamu mbele ya kuenda."

Niliahidi bila kufikiri. Kumbe wapiga picha walikuwa wamebadilisha kamera. Picha zilikuwa safi ajabu, na nzito ajabu. Kompyuta ikaganda. Niliizima, nikaiwasha, ikaganda tena palepale, bibi harusi akiwa mlangoni pa kanisa, mguu mmoja hewani. Nikalia. Akilini nilimwona yule mzee akifumba macho yake kabla binti yake hajavuka ule mlango.

Mume wangu alileta bisibisi, na alifanya vizuri kutonikumbusha yale ya dukani, maana ningemrushia kiti. Alifungua ubavu wa sanduku, akachomoa kijiti kimoja cha memori, tukaenda nacho dukani ili tusiuziwe kisicholingana nacho. Tulirudi na kijiti kingine, ndugu wa kile. Tulipokisukuma kwenye nafasi iliyokuwa tupu miaka yote ile, kililia kidogo, kikakaa.

Bibi harusi akashusha mguu. Akaingia, akatembea mpaka altareni bila kukwama hata mara moja. Nilihisi mabega yangu yakishuka, nikagundua kwamba nilikuwa na njaa.

Kaka wa binti alipanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Kiwanja, flashi yenye filamu ikiwa kwenye mfuko wa shati. Simu ya binti ilipoita baadaye, niliogopa kuipokea.

"Ameona, mama! Ameona yote, wakarudisha tena mwanzo."

Asante Mungu, nikasema, tena kwa sauti. Nikamuuliza mzee alisema nini. Binti alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Amesema: 'Filamu ya mutoto mwenye atazaa, nayo mutaniletea.'"

Nilipanda juu kuanua nguo. Vyuma bado naviona vibaya, na shuka moja lilikuwa na doa jipya la kutu. Nilisimama katikati ya vyuma nikicheka peke yangu. Mzee ambaye daktari amemkatia tamaa, naye ameacha vyuma vyake juu.