Makofi kwa Aliyeshuka

Ukigundulika una kisukari huku unakaa Mbagala, hupati ugonjwa peke yake, unapata na madaktari wa bure. Mama wa genge ananiuzia nyanya huku ananipa dozi: majani ya mlonge, ya kuchemsha, asubuhi kabla hujaongea na mtu. Jirani wa nyuma ana shangazi yake aliyepona kwa maji ya bamia. Fundi aliyekuja kurekebisha bomba alinikuta namenya muhogo, akaweka spana chini na kuniuliza kama najua kwamba muhogo ndio ulioniua. Ulioniua! Na mie nimesimama mbele yake na kisu mkononi. Na hao hao ndio wanaokuja na sahani ya vileja Sikukuu, ukikataa wananuna. "Onja kimoja tu, kimoja kitakufanya nini?"

Nilichoka. Mimi ni fundi cherehani, nashinda kibarazani kwangu, kwa hiyo kila mwenye ushauri ananikuta nimekaa na hana haja ya kunitafuta. Mwenzangu mmoja wa kliniki aliponiambia kuna kikundi cha sisi wagonjwa wa sukari, kinakutana Jumamosi asubuhi upande wa kuelekea Chamazi, nilienda mbio. Nikasema huko sasa nitakutana na watu wenye akili.

Kikundi kilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi. Nisimseme vibaya bure, mama yule anatupenda. Mwenzetu alipokatwa kidole cha mguu, yeye ndiye aliyekuwa anaenda kumwoshea kidonda mpaka kikakauka. Lakini alistaafu ualimu, ualimu haukumstaafu. Tulikaa kwenye mabenchi, mstari kwa mstari. Aliyechelewa alisimama. Kila mtu alikuja na kijiti chake cha kudondoshea damu na sindano yake, mashine ya kupimia ilikuwa moja ya kikundi, unachomwa kidole na namba yako inasomwa kwa sauti mbele ya wote. Aliyesoma juu aliulizwa amekula nini, na darasa zima likaguna. Aliyesoma chini kuliko wote aliitwa mbele. "Pasheni!" mwenyekiti anaamuru, na sisi watu wazima, wengine wana wajukuu wa sekondari, tunasugua viganja, pasha, pasha, halafu moja, mbili, tatu, tunampa makofi yake kama mtoto wa darasa la pili aliyetaja mikoa yote.

Mwenye sukari ya chini ndiye wa kwanza. Ndiyo ilikuwa sheria, na ilinikera toka siku ya kwanza. Kliniki tuliambiwa wote, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba sukari inapanda na sukari inashuka, na ikishuka chini ya nne haikupi muda, inakuondoa palepale. Hapo unakula kitu kitamu kwanza, maswali baadaye. Tuliitikia wote, "Sawa, dokta." Halafu tukaja kukaa kwenye mabenchi kushindana kushuka. Nilipolisema hilo, mwenyekiti akanijibu, "Anayepata mbili kwa kumi ndiye anayelalamikia mtihani." Ni kweli siku hiyo nilikuwa nimesoma kumi na nne. Watu wakacheka.

Likaja na la marufuku. Mwenyekiti aliamua kwamba kitu chochote kitamu kisikanyage kwake. Aliwagawia majirani sukari yake yote, asali yake yote, hata pakiti ya juisi ya unga iliyokuwa imesahaulika kabatini. Mikoba ikawa inakaguliwa getini. Pipi zangu, ambazo nesi mwenyewe aliniambia nisitoke nyumbani bila kuwa nazo, alizitoa mkobani akawagawia watoto waliokuwa wanacheza nje, na mie namwangalia. Haikutosha. Chini ya ukuta wake kulikuwa na mama anauza maandazi na chai ya chupa. Naye akaambiwa ahame, kwamba anatutega, na kwamba chai yake ni sumu. Mama maandazi akabeba jiko lake akaenda kukaa nyumba kadhaa mbele, na toka siku hiyo akaacha kutusalimia. Nilimwelewa kabisa.

Bingwa wetu alikuwa Ami. Ni mzee wa Kiarabu mwenye duka la nafaka mtaa huo huo. Baba yake aliuza hapo, naye anauza hapo, na Kiswahili chake ni cha Mbagala kuliko changu. Mtaa mzima unamwita Ami, na mimi namwita hivyo. Anajichoma insulini asubuhi na jioni. Mkewe amefariki, watoto wako Maskati, wanapiga simu. Ni mtu asiyekubali kushindwa, ukimfunga bao leo, kesho anakufuata mpaka kwako. Toka aonje makofi yale hakuwa na raha tena ya kitu kingine. Nikienda kununua mchele, kabla hata hajaitikia shikamoo yangu vizuri, ananiuliza, "Nyie wa vidonge wiki hii mna lipi? Mie nawatoa wote."

Jumamosi moja akaja amepiga kanzu nyeupe, kofia yake ya kushonwa kwa mkono, ananukia udi. Zamu yake ikafika. Mwenyekiti akaisoma ile mashine, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mbili nukta saba!" alisema. "Jamani, haijawahi kutokea. Pasheni!"

Wakapasha. Mabenchi yote yalipasha, na makofi yakalia mpaka njiwa wa jirani wakaruka bandani. Ami akaenda mbele kutoa neno la shukrani, maana bingwa lazima aseme neno. Akasema nashukuru. Akarudia nashukuru. Kisha akamgeukia mwenyekiti, akamkazia macho. "We mama, pima mchele. Usiujaze sana, mzani huo mbovu."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti mwenyewe alicheka mpaka akashika kiuno. Mie nilikuwa benchi la mbele, na nikaona ile kanzu imegandamana na mgongo. Jua lilikuwa halijakolea. Midomo ilikuwa imepauka na vidole vinatetemeka, anajaribu kukamata kitu hewani asikipate. Nikapiga kelele, "Sukari! Mleteeni sukari, huyo anashuka!"

Hapo ndipo nilipotamani kulia. Yadi imejaa wagonjwa wa sukari, kila mmoja na mkoba wake mapajani, na hakuna mwenye hata pipi ya kufuta harufu ya kitunguu. Mwenyekiti akaniangalia. "Hapa hakuna sukari," alisema, na nina hakika neno la kwanza lilitoka kwa fahari, la mwisho likatoka kwa woga. Mtu akakumbuka duka. Duka la Ami lilikuwa nyumba chache kutoka hapo, magunia ya sukari yamepangwa mpaka dirishani, ila limefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwa kanzu. Tukamshika tuutoe. Ami, mpole kuliko wote, akaanza kutupiga viwiko na kupiga yowe. "Wezi! Wananiibia! Mama watoto, njoo, wananiibia!" Alikuwa anamwita mkewe.

Sikusubiri. Nilivua kandambili nikakimbia mtaani peku, mama mzima, kitenge mkononi, mpaka kwa mama maandazi. Nikamwambia Ami anakufa, nipe chai, tia sukari yote uliyo nayo. Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Si mlisema sumu?"

Lakini alikuwa ameshainuka na chupa. Aliyasema hayo akiwa mbele yangu, anatembea haraka kuliko mimi. Tulimkuta Ami wamemkalisha chini, bado anaweza kumeza. Mama maandazi akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto mgomvi, akamnywesha kikombe kidogo kidogo, akamwongeza kingine. Mwenyekiti alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga anampepea na khanga yake, machozi yanamtiririka.

Jicho lilirudi taratibu. Ami akatutazama mmoja mmoja, akatazama kikombe, akalamba midomo. Tukangoja aseme Alhamdulillahi.

"Mmenipa chai ya sukari?" alisema. "Sasa mmeniharibia. Namba yangu imeandikwa lakini?"

Nilimpandia. Mbele za watu wote, mzee wa umri wa baba yangu, nilimfokea mpaka sauti ikakatika. Nilimwambia tungekuwa saa hizi tunamtafutia sanda. Nikamgeukia na mwenyekiti, nikamfokea na yeye. Kisha nikawafokea waliobaki, na mie mwenyewe humo humo, maana mikono yangu nayo ilikuwa imepasha.

Nilimsindikiza dukani kwake. Njiani nilimuuliza alikula nini asubuhi. Akaangalia pembeni. Alijichoma sindano kama kawaida na hakula kitu, wala jana yake usiku hakula. Alitaka ashuke vizuri.

"Kwa ajili ya makofi, Ami?"

"Binti, we hujui," alisema. "Toka mwenzangu aondoke nakula peke yangu. Sahani ya mtu mmoja haina utamu, unaiangalia tu inapoa. Nikaona bora hiyo njaa inipe kitu. Mtu mzima kama mie, nani mwingine ananipigia makofi?"

Hilo likaniongezea hasira. Jumamosi iliyofuata nilifika dukani kwake asubuhi na hotpoti ya maharage na ugali wa dona, nikamwambia mkono wako usiguse sindano mpaka niione sahani mbele yako. Ikawa ndiyo desturi yetu. Na nisidanganye, ni desturi ya kuchosha. Dona linamkwaruza koo. Maharage hayana nazi. Anatafuna polepole makusudi, anasimulia habari za watu waliokufa zamani, na mie nimeacha nguo za watu zinaningoja kwenye cherehani. Mwenyekiti naye akabadilisha sheria, sasa kabla ya kidole unaulizwa umekula nini, na ukisema hujala unarudishwa kama mwanafunzi asiye na sare. Bado anatutesa, ila sasa anatutesa na kopo la sukari mezani.

Sasa Jumamosi moja nikaamka na homa. Kichwa kinauma, mwili hauna nguvu, nikameza vidonge vyangu vya sukari kwa maji kwa sababu hilo silisahau kamwe, nikajilaza mkekani kibarazani. Nikamtumia Ami ujumbe kwamba leo siji, ale mwenyewe, duka zima lake. Nikalala.

Nilishtushwa na hodi. Ami alikuwa amesimama mbele ya kibaraza, amekuja kwa miguu toka kwake, kanzu ina vumbi mpaka magotini, chupa ya insulini ameizungushia kitambaa cha maji isipate joto, kaikumbatia. Hakuwa amejichoma. Hakuwa amekula. Jua lilikuwa limeshapanda.

"Nimekuja kula," alisema.

Nikaanza kumfokea palepale, nimelala. Nikamwambia sukari yake saa hizi iko juu mbinguni, mtu na akili zake anawezaje kutembea hivi, mie si mama yake, siku nikifa atafanyaje? Nilijaribu kuinuka nimwonyeshe jiko lilipo. Mikono ikawa haitaki kunibeba. Nguo yangu ilikuwa imelowa chapachapa, nikasema ndiyo homa inatoka.

Ami hakuwa ananisikiliza. Aliniangalia mikono.

"Binti, umekula?"

"Nina homa, Ami, chakula hakipiti."

"Vidonge vya sukari umemeza?"

Nikaangalia pembeni.

Mzee yule hajawahi kupika maisha yake yote, alitoka kwa mama yake akaenda kwa mkewe. Alipitiliza mpaka jikoni kwangu bila kukaribishwa, nikamsikia anafungua makopo, anamwaga chumvi, anaiita sukari kama anaita paka. Alirudi na bilauri ya maji ya uvuguvugu, sukari haijayeyuka hata nusu, akakaa chini mkekani kwa shida huku magoti yanalia, akanishika kidevu.

"Fungua mdomo," alisema. "Na usinijibu."

Yalikuwa machafu, yana ladha ya kitunguu saumu. Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa naogopa, na niliyanywa yote, chembe za sukari zinakwaruza ulimi. Hakuniachia kidevu mpaka mikono yangu ilipotulia. Kisha akauliza unga wa dona unawekwa wapi, na mie, nimelala chali, nikaanza kumfundisha mzee wa watu kusonga ugali wa watu wawili.